Clarisse Aliyebebwa kwa Kipoyi

Mdogo wangu Clarisse hajui kusema uongo, na ule mmoja alioujaribu alinituma mimi niupeleke. Nasema mapema ili mjue hasira yangu inatoka wapi.

Ilikuwa mwaka 2003. Tulikuwa tumerudi mji wetu wa Baraka, kando ya ziwa, kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, nyumba hazina mabati, asubuhi unasikia risasi upande wa milimani na hujui kama jioni utalala pale ulipoamkia. Clarisse alikuwa muuguzi mwenye diploma aliyokimbia nayo ameifunga kiunoni. Alikuwa na watoto watatu, na mume ambaye tangu vita viliporudi mara ya pili hakuna aliyemwona. Wote walikula kwangu, na mimi nilikula nilichouza, yaani muhogo.

Basi kazi zikaja mbili kwa wiki moja. Ya kwanza ilikuwa mkononi. Kijiji kimoja cha Ubwari, ng'ambo ya maji, kilikuwa na zahanati isiyo na muuguzi, na komite yao ikamwita. Mshahara hakuna, wangempa nyumba, fungu la samaki kila mitumbwi ikirudi, na shamba la muhogo ambalo tayari walikuwa wamelilima. Walitaka jibu Jumatano, la sivyo wangemchukua mwingine kutoka Fizi. Ya pili ilikuwa ya shirika la wageni lililokuwa linatafuta wauguzi wa hospitali, mshahara wa dola. Clarisse alikuwa ameshafaulu mtihani wa kuandika. Walibaki wanne, wangechukuliwa wawili, na mahojiano yalikuwa Alhamisi saa tatu asubuhi, palepale hospitalini.

Siku moja tu kati ya hii na ile, na ilitosha kumkondesha. Akikubali Ubwari, ameziaga dola. Akikataa, kisha akaanguka kwenye mahojiano, watoto watakula nini? Alikuwa akichambua maharagwe, anatupa mazima na kuacha yaliyooza. Nikamwambia mshika mbili moja humponyoka.

"Yaya," akaniuliza, maana ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, "na mwenye kushika moja, ile moja ikimuponyoka?"

Nikaanza kuokota yale mazima aliyoyatupa. Na niseme kweli, dola zile nilizitaka kuliko yeye.

Ndipo Jumatano akanituma ufukweni, kuwaambia wavuvi wa Ubwari kwamba ana malaria na atajibu Ijumaa. Nikasema. Nikaongeza na kutapika, ambako hakuniagiza.

Sasa niambieni, mtu gani wa kwetu anapeleka habari ya ugonjwa akategemea watu wakae makwao? Kwetu ukisikia mtu anaumwa, unaenda. Miaka ya kambini, ambako mgonjwa alipangwa foleni na kadi yake, ilikuwa imetusahaulisha.

Alhamisi asubuhi Clarisse amevaa gauni lililopigwa pasi na viatu vyangu, bahasha mkononi, tukasikia hodi. Walikuwa wanaume wanne wa Ubwari, suruali zimelowa hadi magotini, na kipoyi begani: miti miwili mirefu na kiti cha kamba katikati, kile tunachobebea wagonjwa pasipopita gari. Walikuwa wamevuka alfajiri, saa ambayo askari wanapiga risasi kila mtumbwi wasioujua. Mkubwa wao, Norbert, mwenyekiti wa komite, alimtazama Clarisse kuanzia viatu hadi nywele.

Nikajisikia nasema kwamba alikuwa anajikaza kwenda hospitali.

"Na miguu?" Norbert akauliza. "Munganga wetu hatatembea na homa. Mumupandishe."

Naye akapanda. Alikaa pale juu amekumbatia bahasha, sasa anatetemeka kweli, na wale watu wakazidi kuiamini malaria. Mimi nilifuata nyuma nikiiwaza saa tatu. Walikuwa wanampeleka kwenye mahojiano yenyewe bila kujua! Niliona Mungu ametusaidia. Angeshuka, angeingia, na wao wangengoja nje wakidhani anachomwa sindano.

Njiani Norbert, bega chini ya mti, akaanza kueleza bila kuulizwa. Mke wake alikuwa amefariki mwezi wa tatu, kwa uzazi.

"Siku ile nilitafuta batu bane ba kumubeba mupaka ku mutumbwi," alisema, maana kipoyi hubebwa na watu wanne. "Banaume bote balikuwa bamekimbia mu milima. Tulikuwa babili tu. Jana niliposikia juu yako, bane balipatikana mara moja."

Tukafika langoni pa hospitali. Kwenye benchi walikaa watatu wenye bahasha kama yake, wakageuka wote kumwona anavyoletwa. Nafasi alikuwa nayo. Ningekuwa mimi, ningeingia.

"Munishushe," akasema. Akasimama wima mbele ya Norbert. "Mi siko mugonjwa. Nilibadanganya. Nilikuwa nangoya kazi ya hapa."

Norbert alikunja ile kamba ya kiti polepole. Nilidhani atamtukana, na haki alikuwa nayo.

"Aksanti Mungu, uko muzima," akasema. Kisha akawahimiza wenzake, maana ziwa huchafuka jua likipanda.

Clarisse akawatazama wakishuka njia ya ziwani na kipoyi kitupu. Akanipa bahasha. Nikamshika mkono, nikamtajia watoto, nikamtajia dola, nikamwambia asiwe mjinga. Alisema nimpelekee watoto Jumamosi, akawafuata mbio, na viatu vyangu miguuni.

Nilibaki langoni nalia kwa hasira. Karani akatoka, akaita jina lake mara mbili. Nikadhani labda watampangia siku nyingine.

"Iko mugonjwa," nikasema.

Akaandika kitu kwenye karatasi, akaita jina lililofuata. Miaka imepita, Clarisse bado yuko Ubwari. Kutoka shirika lile hajaja hata mmoja kuuliza kama alipona.