Diski Mbili za Jerry

Ukipanda ngazi za jengo moja nyuma ya stendi ya Nakuru, ghorofa ya pili, mlango wa mwisho, utamkuta Wamalwa ameinamia meza, miwani imemshuka hadi nchani mwa pua. Kazi yake ni kupima afya ya diski kuukuu. Kompyuta zilizochoka maofisini, kamera za ulinzi zilizong'olewa madukani, mashine za shule zilizofungwa, zote zina diski ndani, na diski hizo hupitia mezani kwake kabla ya kuuzwa tena.

Watu wengi hununua diski kama wanavyonunua viatu vya mtumba. Wanaigeuza, wanaipangusa, wakikuta inang'aa wanaridhika. Wamalwa huwatazama akatikisa kichwa. Diski, huwaambia, hutembea na historia yake ndani, kama mgonjwa na kadi yake ya kliniki. Imekaa ikiwaka kwa muda gani tangu itoke kiwandani, sehemu ngapi zimekufa zikatiwa viraka, joto limewahi kuipanda kiasi gani, yote imo humo, na ukiwa na programu ya kuisoma haiwezi kukuficha. Diski ya kamera ya ulinzi, kwa mfano, inaweza kuwa safi kama sahani mpya kumbe imezunguka miaka usiku na mchana bila kupumzika. Akishaisoma, huisogezea sikio aisikilize inavyozunguka. Ikigonga-gonga huitupa. Ikipita, huiosha: huandika sufuri juu yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, mpaka kusibaki hata herufi moja ya mwenyewe wa kwanza.

Na huiosha bila kutazama kilichomo. Hapo ndipo anapotofautiana na majirani zake wa ghorofa ile, ambao hufungua kwanza, wakaangalia harusi za watu na mambo ya vyumbani mwa watu, wakaitana waje wacheke. Wamalwa hana hamu hiyo. "Vya mtu ni vya mtu," husema, na kubonyeza. Kwa heshima hiyo anajulikana mji mzima, na kwa heshima hiyo hiyo yalimpata yaliyompata.

Alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha blanketi, baba yake akiwa ametoka Bungoma kijana akaja kutafuta kazi asirudi tena. Mzee alijinyima mpaka akanunua shamba dogo kule Bahati, na huko ndiko alikozikwa. Mama yao alikuwa akiuza sukuma wiki sokoni tangu alfajiri, kwa hiyo Jerry, kitinda mimba, alilelewa mgongoni mwa Wamalwa. Wamalwa alijifunza kutengeneza redio huku mtoto amemlalia begani. Walipishana miaka mingi, na kusema kweli Wamalwa alimpenda Jerry jinsi mtu anavyompenda mwanawe wa kwanza.

Jerry akakua, akawa mpiga picha. Harusi, mazishi, siku za kufunga shule, kuanzia Lanet hadi Molo, ukiona kijana mwembamba amepanda juu ya kiti cha watu kwa viatu, ujue ni Jerry. Alikuwa na maneno mengi, aliweza kumfanya askofu acheke kwenye picha. Akamwoa Cheptanui, binti wa Kikipsigis kutoka upande wa Molo. Watu wa huku walinung'unika, na wa kule vilevile, kisha wote wakachoka kama watu wanavyochoka. Akazaliwa Kimberly.

Jerry alifia barabarani pale Sachangwan, usiku wa mvua, akitoka kupiga picha harusi. Kamera na simu yake havikuonekana tena. Picha iliyowekwa juu ya jeneza ilikuwa ya kitambulisho, imekuzwa mpaka ikafifia, kwa sababu mtu aliyewapiga wengine maisha yake yote hakuwa na aliyempiga yeye.

Walimzika Bahati, kando ya baba yake. Siku ya kunyoa nywele za wafiwa ilipofika, wanaume waliketi chini ya turubai kugawana vitu vya marehemu, kama ilivyo desturi. Aliyeongoza ni Mzee Mukhwana, mdogo wa baba yao. Koti likaenda kwa huyu, viatu kwa yule, redio kwa mwingine. Ikaja kompyuta.

"Kitu kikubwa hakipewi mtu mmoja," alisema Mzee Mukhwana. "Hapo ndipo chuki huanza. Hata ng'ombe hugawanywa. Wamalwa, si wewe ni fundi? Fungua hiyo."

Wamalwa akachukua bisibisi akafungua. Macho yalikuwa yamejaa machozi, hakuona vizuri anachokitoa, na hakuna aliyemwambia asubiri. Kioo kikachukuliwa na mpwa wao, kibodi na spika zikaenda kwa mwingine, kasha lenyewe likaenda kwa binamu wa Kitale ambaye hakuwa na umeme. Ndani mlikuwa na diski mbili zinazofanana kama pacha. Moja akapewa Wamalwa. Ya pili akapewa binamu yake Wepukhulu, anayeishi Lanet. Mzee akashukuru kwamba hakuna aliyetoka mikono mitupu.

Tumefundishwa tangu utotoni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La kufanya wakati mkuu mwenyewe amekosea, hatukufundishwa, na wengi wetu tunachechemea mpaka leo.

Wamalwa alifika kazini, akaifunga diski yake kwa kitambaa na kuiweka chini kabisa ya droo. Yeye anayepima za mji mzima hakuweza kuipima ile. Aliogopa kuichomeka akamwona Jerry, na aliogopa pia kuichomeka asimwone. Ikakaa humo zaidi ya miaka mitatu.

Alasiri moja Cheptanui akapanda ngazi zile kwa mara ya kwanza. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani, na hakuketi mpaka alipobembelezwa.

"Shemeji, pole kukusumbua kwa kazi," alisema.

"Hakuna kusumbua, Mama Kimberly. Kuna neno?"

"Ni mtoto. Ameanza kuniuliza, ati mum, daddy alikuwa anaongea aje? Nimejaribu kumwigia, nikashindwa. Nikianza nalia." Alitazama mikono yake. "Kwa ile computer ya Jerry kulikuwa na video mingi za Kimberly akiwa mdogo. Jerry haonekani, ni yeye ameshika kamera. Lakini anaongea. Anamwambia, angalia baba, cheka kidogo. Nataka tu asikie hiyo sauti. Watu watakuja nyumbani kwa maombi ya ukumbusho, na nilikuwa nataka asikie kabla. Niliambiwa hard disk ilikuja kwako."

"Iko hapa," alisema Wamalwa. "Iko hapa hapa. Nitakuletea mwenyewe."

Cheptanui alipoondoka, Wamalwa alifunga mlango, akatoa diski drooni, akafungua kitambaa. Pembeni ilikuwa na tone la rangi nyekundu ya kucha. Hiyo ilikuwa alama ya Jerry. Alikuwa akiiba rangi ya mkewe na kutia tone kwenye kila kifaa chake, ili visichanganyike na vya wapiga picha wengine harusini.

Akaichomeka. Afya ilikuwa nzuri mno: haikuwa na kiraka hata kimoja, sauti nyororo. Akamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akajaribu kuifungua, na kompyuta ikamwambia kwamba diski ile haina kitu, haijawahi hata kuandaliwa kwa matumizi.

Alijaribu tena. Akabadilisha waya. Akaingia ndani zaidi, mahali ambapo wanunuzi hawafiki, na huko akakuta alama ndogo inayosema kwamba diski ile ni nusu ya jozi. Jerry alikuwa amezifunga zile mbili zifanye kazi kama moja, jinsi watu wa video wanavyofanya wakitaka mwendo wa kasi. Kila picha na kila video ilikuwa imekatwa vipande, kimoja huku, kinachofuata kule. Ni kama kitabu ambacho kurasa zote za kulia ziko kwa mtu mmoja na za kushoto ziko kwa mwingine. Na aliyezitenganisha kwa bisibisi ni yeye Wamalwa, fundi.

Hata hivyo hakukata tamaa, kwa sababu zilihitaji tu kukutanishwa. Kesho yake asubuhi alikuwa Lanet, akamkuta Wepukhulu anaosha pikipiki mlangoni.

"Ile disk? Ai, ndugu, niliuza kitambo," alisema Wepukhulu. "Ilikuwa inakaa tu kwa nyumba, watoto wanachezea."

"Ulimuuzia nani?"

"Si yule broker wako, Kipchirchir, huyo hununua-nunua computer za zamani? Hata nilifurahi. Nilijua ataipeleka kwako, itakuwa imerudi kwa familia."

Wamalwa akaketi juu ya jiwe. Hakuhitaji kuuliza zaidi, lakini alimpigia Kipchirchir simu, jinsi mtu anavyobonyeza kidonda ahakikishe kwamba bado kinauma.

"Naikumbuka, mzee!" alisema Kipchirchir kwa furaha. "Si ni ile ulisifu sana? Ilikuwa na karangi kekundu kwa side, ukakakwangua na wembe. Ukaniambia, Kip, hii ilikuwa ya mtu anajua kutunza vitu. Iko sawa, ama imerudishwa?"

"Haijarudishwa," alisema Wamalwa, akakata.

Sasa alikumbuka vizuri. Ilikuwa imekuja ndani ya sanduku pamoja na nyingine nyingi, miezi michache baada ya mazishi, wakati alipokuwa akifanya kazi bila kuinua macho ili asifikiri. Aliipima. Akaisikiliza. Akakwangua tone jekundu ili isionekane kuukuu, bila kujiuliza ni alama ya nani. Akamsifu mwenyewe wake, mtu aliyedhani hamjui. Kisha akaiosha, bila kutazama, kwa heshima. Hata angejua iliko leo, hakuna mkono duniani wa kurudisha kilichofunikwa kwa sufuri. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote, maana ndilo alilowaahidi wateja wake miaka yote.

Alirudi mezani na kuikamua nusu iliyobaki kwa siku kadhaa. Vikatoka vipande. Ncha ya mwavuli. Kofia ya bibi harusi na paji la uso wake, halafu chini kijivu kitupu. Mguu wa mtoto uliovaa kiatu kimoja, huenda ni Kimberly, huenda si yeye. Video hazikufunguka kabisa. Moja ilitoa mkwaruzo, na Wamalwa akaurudia mara nyingi, ameziba sikio la pili, akitafuta ndani yake mtu. Hakukuwa na mtu. Alilia pale pale, na jirani aliyechungulia akarudi polepole kwake.

Sasa katika kazi hii kuna neno moja linalomaliza kila shida. Neno lenyewe ni "imekufa." Fundi akikwambia imekufa, unashusha pumzi, unasema ni mapenzi ya Mungu, unakwenda zako. Hakuna anayeomba kuona maiti. Wamalwa hakuwa amewahi kulitumia kwa uongo, lakini njia nzima ya kwenda Bahati, nyumbani kwa Cheptanui, alilifanyia mazoezi. Shemeji, imekufa. Mama Kimberly, nimejaribu lakini ilikuwa imekufa. Lilikuwa likitoka vizuri kabisa.

Alimkuta Cheptanui uani, akipukuchua mahindi kwenye beseni. Kimberly alikuwa bado shuleni. Cheptanui alimtazama usoni mara moja tu, akajua hakuna kitu.

"Imekufa, shemeji?" akamuuliza kwa upole.

Neno lenyewe hilo, amewekewa mkononi. Alichohitaji ni kuitikia tu. Wamalwa alisimama pale na kofia yake, na hakuweza.

"Haijakufa," alisema. "Ni nzima kabisa. Zilikuwa mbili, na zilikuwa zinafanya kazi pamoja. Mimi ndiye niliyezitenganisha. Ya pili Wepukhulu aliuza, ikaletwa kwangu, nami sikujua. Niliifuta. Kwa mkono wangu. Sauti ya Jerry nimeifuta mimi."

Cheptanui alirudia mahindi yake. Punje zikamdondoka kwenye beseni moja moja mpaka gunzi likabaki tupu mkononi mwake, na bado akaendelea kulisugua.

"Nilijua ziko mbili," alisema hatimaye. "Jerry alikuwa ameniambia. Alisema, hizi zisitenganishwe, moja bila ingine ni chuma tu. Siku ile nilikuwa ndani na akina mama, kwa mkeka. Nikasikia Mzee anasema computer ifunguliwe. Nikasimama nikuje niwaambie. Mama mkubwa wenu akanishika nguo. Akaniambia, keti, hayo ni ya wanaume, na wewe si wa huku. Nikaketi. Baadaye nikasikia hard disk imepewa fundi, nikafikiria ni zote, nikashukuru Mungu."

Wamalwa aliangalia chini.

"Nimejiuliza sasa hivi," akaendelea Cheptanui, "kama ningekataa kukaa. Kama ningetoka na kitambaa changu kwa kichwa nisimame mbele ya wazee wenu. Shemeji, mngenisikiza?"

Moyo wote wa Wamalwa ulitaka kusema ndiyo. Lakini aliliona lile turubai, akawaona wazee, akajiona mwenyewe amechuchumaa na bisibisi, na mjane wa watu akitokeza mlangoni kuwafundisha wanaume kazi. Akajua ni nani angefungua mdomo kabla hata Mzee Mukhwana hajageuka.

"Hapana," alisema. "Mimi ndiye ningekuambia urudi ndani."

Cheptanui akaliweka gunzi chini. Kisha akalia kwa sauti, mbele ya mtu wa ukoo wa mumewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku ya mazishi, na safari hii hakuna aliyemwambia akae kimya.