Herufi Zangu Chini ya Barua

Ijumaa ile mkubwa wangu wa kazi aliniita, akafunga mlango, akanisomea barua ya kujiuzulu niipige taipu. Wanajeshi ndio waliotawala, na mimi nilikuwa karani wake katika idara moja ya serikali hapa Kampala. Alisema dhamiri yake haimruhusu kuitumikia serikali inayochukua watu majumbani wasirudi. Niliipiga yote. Nilimwona shujaa.

Jioni, nyumbani Bugolobi, nikimenya matoke na mama, kisu kikaniponyoka. Chini ya kila barua karani hutia herufi za kwanza za jina la mkubwa, kisha zake mwenyewe, ili kosa likitokea ajulikane aliyepiga. Nilikuwa nimetia zangu. Mkono umezoea, haukuniuliza.

"Mama, nimejiua," nilisema.

Siku mbili sikula. Kila gari lililopunguza mwendo chini ya ghorofa letu lilinikimbiza chooni. Leo naweza kucheka.

Jumatatu mkubwa hakuja. Mhasibu wa chumba cha pili alininong'oneza, "Dada, mke na watoto walishavuka kwenda Nairobi wiki mbili zilizopita. Bwana aliambiwa jina lake limo kwenye orodha ya watakaochukuliwa."

Hasira ikanipanda juu ya woga. Kumbe! Hiyo ndiyo dhamiri? Mtu anakimbiza roho yake, halafu anatuachia hotuba. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi ni mimi na mama yangu mjane.

Saa nne waliingia askari wawili. Mmoja alishika barua iliyokunjwa.

"Nani napiga hii?"

Sikungoja aikunjue. "Afande, yule mtu ni mnafiki," nilisema, na baada ya hapo sikuweza kujizuia. "Hana msimamo wowote, anaogopa tu. Atakuwa Tororo, kwa shemeji yake, anangoja kuvuka mpaka." Habari za huyo shemeji alinipa mwenyewe zamani, tukinywa chai.

Askari aliandika kwenye daftari lake. Kisha akaitandaza barua mezani mbele yangu.

"Wewe karani, angalia. Karani gani napiga mubaya hivi?"

Maneno yalikuwa yaleyale ya Ijumaa. Lakini mistari ilikwenda upande, herufi zilipandana, na kila neno la tatu lilikuwa limefutwa kwa msururu wa x. Ilikuwa kazi ya vidole viwili vya mtu asiyejua taipu. Baada ya mimi kuondoka, mkubwa alikaa kwenye mashine yangu akaipiga upya yote. Chini ya saini yake hapakuwa na herufi zozote.

Hadi leo watu hubishana mbele yangu kama yule bwana alikuwa mkweli au mwoga.

"Si mimi niliyeipiga, afande," nilisema. Ilikuwa kweli. Mkubwa wangu ndiye aliyehakikisha iwe kweli. Askari alifunga daftari lake, Tororo imo ndani, wakatoka.