Uunsi Niliomfukizia Mtu Asiyekuwepo

Jirani yangu nilimchukia kwa sababu ya moshi. Sitadanganya mtu. Hakuwahi kunikosea, hakuwahi kuninyima chumvi, na siku nilipojifungua kijana wangu ndiye aliyenishika mkono mpaka hospitali. Lakini kila siku baada ya swala ya Alasiri alikuwa anaweka makaa kwenye chetezo, anatupia vipande vya uunsi, na moshi wake unapanda juu ya ua wa mabati, unashuka kwangu, unakaa.

Mtu asiyejua mambo ya kwetu Wasomali ataniuliza, moshi una nini? Uunsi ni udi tunaoupika wenyewe, na sukari na manukato, ukishikana tunauvunjavunja na kuuweka kwenye mkebe. Hapa Garissa mke huufukiza jioni mume akikaribia kurudi. Anafukiza vyumba, anafukiza shuka, anasimama juu ya chetezo moshi umpande ndani ya nguo. Mtaa mzima ukisikia harufu unajua mwenye nyumba yuko njiani. Na nyumba isiyonukia, mtaa unaijua pia.

Yangu haikunukia. Mume wangu alikuwa Elwak, kule mpakani na Somalia.

Alikuwa huko na rafiki yake, wananunua bidhaa zinazovuka mpaka, wanapakia lori, lori linapita Wajir na Modogashe mpaka hapa. Yeye mwenyewe alikuwa anakuja mara moja baada ya miezi miwili, siku tatu, na mbili kati ya hizo anazimalizia sokoni akipakua. Na aliyempeleka huko ni mimi. Hili naliandika mapema ili nisije nikajipamba mbele.

Tulipooana alikuwa dalali kwenye soko la mifugo. Anamjua mbuzi kwa kumshika mgongo tu. Siku za soko anaamka alfajiri, na jua likianza kuuma ameshamaliza, amerudi nyumbani ananuka mbuzi na kucheka. Tulikuwa tunakaa kwenye mkeka. Halafu binamu yangu akaja kunitembelea kutoka Nairobi, akaangalia mkeka, akaangalia ukuta, akasema, "Mashallah, mna nafasi kubwa." Nafasi! Alimaanisha hatuna kitu. Tangu siku hiyo sikumpa mume wangu amani. Nilitaka magodoro ya kuketi ya Kiarabu, yale manene ya rangi ya damu ya mzee yenye nyuzi za dhahabu, yanayozunguka sebule ukuta hadi ukuta, na mito yake, na mapazia ya kitambaa hichohicho. Nilikuwa namwambia akila. Nilikuwa namwambia akitawadha.

Rafiki wa Elwak alipokuja kutafuta mshirika, hakuanza na mume wangu. Alianza na mume wa jirani, fundi cherehani anayeshona sare za shule kwenye baraza moja karibu na soko. Fundi alikataa. Alisema, "Nina mke mmoja, watoto watatu na cherehani moja. Vyote viko hapa." Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, tena nikamwambia mke wake mbele ya wanawake wengine kwenye foleni ya maji, "Abaayo, dada yangu, mume wako anaogopa barabara ama anakuogopa wewe?"

Akajibu hata hakugeuka: "Ananiogopa mimi. Barabara haina mdomo."

Basi wangu akaenda. Na vitu vikaanza kuja. Friji ikaja. Kapeti likaja, televisheni ikaja, kabati la vyombo lenye vioo likaja. Vyote vilikuwa vinashushwa mlangoni na watu nisiowajua, na mume wangu anapiga simu kuuliza kama kioo kimepasuka. Msichana wangu alikuwa na miaka minne. Kijana alizaliwa baba yake akiwa Elwak, na yule aliyemwadhinia sikioni, yule mwanamume wa kwanza ambaye sauti yake mtoto wangu aliisikia, alikuwa ni mume wa jirani. Alinawa mikono iliyojaa chaki ya ushonaji, akamwinamia, akasoma adhana polepole. Nilishukuru kwa mdomo. Moyoni nilitamani kumnyang'anya mtoto.

Kwenye ua wa mabati kulikuwa na tundu la msumari. Ndiyo, nilikuwa nachungulia. Fundi anarudi, anajitupa kwenye mkeka, mtoto wao mdogo anamkanyaga mgongo. Chai inaletwa. Mke wake anakaa kando yake anamtoa nyuzi kwenye shati, uzi mmoja mmoja, wa bluu, wa kijani, wa shule hii na ile, huku anamgombeza: "Wewe ni mtu ama ni kibweta cha nyuzi?" Naye anacheka. Nikasema huyu mwanamke hana kazi ya kufanya. Halafu nikaona mkono wangu mwenyewe umeshika kitambaa cha kupangusia friji.

Siku ninayotaka kuisimulia ilianza vizuri. Mume wangu alipiga simu asubuhi, sauti ya furaha. Rafiki yake amepata duka pale Elwak, duka la kweli, lenye mlango wao wenyewe. Ijumaa wanaweka sahihi. Yeye ndiye atakayelisimamia, kwa hiyo hatakuja tena kila miezi miwili, atakuja Idd. "Na magodoro yako yamefika," akasema. "Damu ya mzee, kama ulivyotaka. Yanapakiwa lori la Alhamisi."

Wallahi niliruka. Sikusikia neno Idd, nilisikia magodoro. Nikaenda moja kwa moja uani, nikamwita jirani.

"Abaayo, magodoro yangu yanakuja!"

"Mashallah. Na baba watoto?"

"Yeye anabaki. Anafungua duka."

Angenitania ningejua la kumjibu. Alinitazama tu kidogo juu ya mabati, kama mtu anavyomtazama mgonjwa, akarudi kwenye nguo zake za kufua.

Mchana kutwa kile kimya chake kilinitembea mwilini. Ilipofika Alasiri nikamsikia anapuliza makaa, na moshi ukaanza. Nikasema leo hapana. Juu ya friji kulikuwa na mkebe wa uunsi ambao mume wangu aliuleta kutoka Elwak, uunsi ghali kutoka ng'ambo ya mpaka, haujafunguliwa. Ningeufungua kwa ajili ya nani? Nikaufungua. Niliwasha makaa mengi, nikatupia konzi nzima, halafu konzi nyingine, nikasogeza chetezo mpaka chini ya ua. Nilitaka moshi wangu umeze wa kwake. Nilitaka akohoe.

Sikufikiria kwamba watu wengine pia wana pua.

Wa kwanza alikuwa msichana wangu. Alikuwa anacheza na vifuniko vya chupa. Akasimama, akanusa, akaenda kwenye mtungi akanawa uso na miguu, akavaa viatu vyake vya Idd, akaenda kukaa langoni.

"Unafanya nini hapo?"

"Namngoja aabo. Si umewasha?"

Kabla sijamwambia kwamba baba yake haji, nikamsikia mama mkwe. Nyumba yake iko barabara ya nyuma, na magoti yake ni mabovu, kwa kawaida kuja kwangu anapumzika mara mbili. Siku hiyo alikuja akikimbia. Mkononi ana kidumu cha maziwa ya ngamia, shungi limeteleza, viatu vya miguuni ni vya watu wawili tofauti.

"Amefika? Mbona hakuniambia? Nimesikia harufu nikajua!"

Alinipita. Aliingia sebuleni akimwita kwa jina la utotoni, jina ambalo hata mimi siruhusiwi kulitumia. Akaingia chumbani. Akafunua pazia akaangalia nyuma yake, labda mwanawe amejificha amfanyie mchezo kama zamani. Mimi nimesimama na chetezo.

Alirudi na uso mwingine.

"Hayupo."

"Hayupo, hooyo."

"Basi unamfukizia nani?"

Kwetu swali hilo si la mchezo. Mwanamke ambaye mume amesafiri hafukizi nyumba jioni, na akifukiza, kuna watu watakaomaliza hadithi kwa niaba yake. Nimewahi kuona ndoa iliyovunjika kwa swali dogo kuliko hilo. Ningemwambia nini? Kwamba nafukiza ili jirani akohoe?

Sauti ya jirani ikatoka upande wa pili wa mabati, ikimwita mama mkwe kwa heshima.

"Eedo, usimwonee. Ananifukizia mimi. Asubuhi nilimnyamazia, na yeye hawezi kunyamaziwa."

Kumbe alikuwa anajua. Na tundu la msumari pia nadhani alikuwa analijua. Hilo lilinichoma kuliko lile swali, kwamba mwanamke huyu ana mume, ana jioni, na bado ana nafasi ya kuniokoa mimi. Mama mkwe aliangalia ua, akaniangalia mimi, akaketi chini kwenye kapeti la Elwak. Akafungua kidumu akayanywa mwenyewe yale maziwa aliyomletea mwanawe. Alipomaliza akajifuta mdomo, akasema, "Piga simu."

Nilipiga, nikaweka sauti kubwa.

"Magodoro usiyapakie," nikamwambia.

"Nini?"

"Usiyapakie. Jipakie wewe."

"Jua limekupiga? Miaka miwili unaniimbia magodoro."

"Niliimba. Sasa nimenyamaza."

"Na duka? Nikirudi huko nitafanya nini, nitashona vifungo na yule fundi?"

"Rudi sokoni kwa mbuzi wako."

"Halafu tukae kwenye nini?"

"Mkeka."

"Ulisema mkeka ni aibu."

"Nilisema."

"Na binamu yako akija?"

"Akija atasimama!"

Mama mkwe akaninyang'anya simu. "Wewe mtoto, nimekimbia na magoti haya. Nimekutafuta nyuma ya pazia kama kuku aliyepotea. Unanisikia? Nyuma ya pazia!" Halafu akalia, na ndani ya simu ukavuma upepo wa Elwak.

Mwishowe mume wangu akauliza, polepole, "Nani aliwasha uunsi?"

"Mimi."

"Ule wa mkebe? Umebaki?"

"Nusu."

"Usiumalize."

Akakata simu. Msichana wangu alikataa kutoka langoni mpaka Maghrib, nikambeba na viatu vyake.

Lori la Alhamisi lilipofika, mume wangu alikuwa amekaa kando ya dereva, mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi kope, begi moja tu. Sahihi ya Ijumaa iliwekwa na rafiki yake peke yake. Kijana wangu alimlilia wiki nzima kila akimgusa, akawa ananyoosha mikono kwa fundi. Nilimwona mume wangu akimtazama fundi kupitia lile tundu la msumari. Nikamwacha achungulie. Ilikuwa zamu yake.

Sasa yuko sokoni na mbuzi. Televisheni iliharibika na hatujaitengeneza. Tunagombana, maana mtu akiwa nyumbani kila jioni unaona kila alichoacha njiani: kiatu, kikombe, taulo. Na jirani bado namwonea wivu, kwa sababu yeye alijua tangu mwanzo, na mimi ilibidi niambiwe na moshi.

Magodoro yalikwenda kwa mke wa yule rafiki aliyebaki Elwak, anayekaa barabara ya tatu kutoka kwetu. Mwezi uliopita alitualika, mtoto wake amezaliwa. Niliyakalia. Ningependa kuandika kwamba ni magumu. Ni laini, wallahi, unazama mpaka kiunoni, na zile nyuzi za dhahabu zinang'aa hata gizani. Nilipapasa mto na roho ikaniuma palepale.

Jua lilipoinama nikainuka.

"Abaayo, mbona mapema? Chai haijaja."

"Makaa yangu," nikasema. "Karibu anafika."

Mwenyeji wangu alinitazama. Nyumba yake ilinukia kitambaa kipya tu. Mtazamo ule naujua vizuri, nimeutumia miaka miwili kupitia tundu la msumari. Na nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi njia nzima, huku bado nayataka magodoro yake.

Nilipofika nilipuliza makaa kwa nguvu, nikatupia kipande kikubwa kuliko kawaida. Upepo siku hiyo ulikuwa unaelekea barabara ya tatu.