Jiko la Mama Neema

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Julai, nami nilikuwa nikipanguza vumbi la matofali sebuleni kwetu, Kasulu. Nasimulia kama ilivyotokea. Kwa nini nitunge jambo linaloniaibisha mwenyewe?

Nyumba yetu ni ya zamani, ina meko ya ukutani ambayo kila kiangazi, baridi inapobana, hujaza moshi sebule nzima. Mume wangu aliamua kuingiza ndani yake jiko la chuma la kuni, bomba likipanda kwenye dohani. Angeweza kununua jipya. Yeye alilifuata la zamani Kibondo, kwa ndugu za marehemu mkewe, Mama Neema. Mimi, miaka yote hii, majirani bado huniita Mwalimu, si mama wa yeyote. Unaelewa jiko lile liliniingiaje?

Fundi alilisukuma likaingia, zikabaki nyufa pembeni. Huku kwetu udongo wa kuzibia huchanganywa na majivu ili usipasuke, basi akachota yaliyokuwamo ndani ya jiko.

"Mwalimu, majivu haya yametunzwa kama unga!" akacheka.

Hakuna aliyewaza. Kwetu, majivu ya mwisho ya mwanamke aliyefariki humwagwa migombani na ndugu zake, kabla mwingine hajawasha. Haya hayakuwa yamemwagwa. Sasa yakawa ukuta wangu.

Jua likizama nilikuwa peke yangu, nikipuliza kuni zisizotaka kushika. Mama mmoja akaingia bila kubisha, kitenge begani.

"Mwidiwe, mdogo wangu," akanisalimu kwa Kiha. "Hilo, mlango wake huinuliwa kwanza."

Akachuchumaa, akauinua, moto ukawaka. Niamini, hakuupuliza.

"Na mkaratusi usimwekee, unamkohoza."

"Unamkohoza nani?"

"We nawe! Kwani una waume wangapi?"

Wivu ulinishika. Nikamuuliza amefuata nini.

"Kuota moto wangu tu."

Pikipiki ya mume wangu ikanguruma uani. Nikageukia dirisha, nilipomrudia, hayupo. Kwenye majivu yaliyomwagika sakafuni fundi alipoyachota zilikuwapo nyayo zangu tu. Mume wangu akaingia, akavuta pumzi.

"Leo pananukia nyumbani," akasema. Hajawahi kuniambia hivyo.

Tangu hapo moto ule hunikatalia. Akiwasha mume wangu hushika mara moja. Kikohozi kimemwisha. Kila jioni husogeza kiti chake kando, akaacha nafasi pembeni yake, na nikikaa hapo husema kumeingia baridi.

Wewe unayetafuta jiko kuukuu, uliza kwanza nani aliliwasha, na majivu yake yako wapi.

Wiki chache baadaye nilimwandikia dada wa marehemu:

"Dada, shikamoo. Njooni mbomoe udongo, mchukue jiko na majivu yenu, mkayamwage migombani inavyopasa. Baba Neema msimuulize, atakataa. Njooni akiwa shamba, tena upesi. Jana nilimsikia akicheka sebuleni, na nilipoingia, akanyamaza."