Jiko la Namaemba

Watu wa mtaa wa Tuwan, Kitale, hawakumwita Namaemba kwa jina lake. Walimwita Jiko, na mwenyewe aliitika, maana jina la kusifiwa haliulizwi limetoka wapi. Asubuhi ya Kitale ina baridi ya kukata masikio. Ukungu unashuka kutoka mlima Elgon, unakaa barabarani kama mgeni asiyejua kuaga, na mwanamke anayewahi soko anataka mambo mawili tu: kufika, na kufika vidole vya miguu vikiwa bado vyake. Bodaboda wengine walimpa la kwanza. Namaemba alimpa yote mawili.

Siri ilikuwa aproni. Aliishona mwenyewe kwa turubai zito la lori la mahindi alilolipata mji wa Moi's Bridge, akaitia gunia la katani kwa ndani, akaifunga mbele ya pikipiki kuanzia usukani hadi chini ya injini. Upepo ukija unagonga turubai na kurudi kwao. Joto la injini nalo likitaka kutoka linakuta mlango umefungwa, linabaki pale kupasha miguu. Abiria walisema ni kama kukaa jikoni ugali ukisongwa. Wanaume wa steji walicheka kwanza, halafu wakaona akina mama wanapita pikipiki zilizo wazi ili wamngoje yeye, wakanyamaza. Mwanamume akinyamaza ghafla, ujue hesabu imemshinda.

Alikuwa na miaka arobaini na sita, mwili mpana na ulimi mwembamba kama wembe. Shule aliiacha Endebess darasa la saba, akauza maziwa kwa baiskeli hadi magoti yakalalamika, ndipo akanunua pikipiki na kuwaacha majirani waseme. Walisema mpaka wakachoka. Baadaye walikuwa wakimpigia simu alfajiri: Jiko, njoo unichukue, kuna baridi.

Halafu mamake, aliyeishi peke yake karibu na Kanduyi, kule Bungoma, akateleza bafuni akavunjika nyonga. Ndugu zake wa kiume walikutana, wakaomba, wakala, wakaamua kwamba mtu fulani afanye jambo. Namaemba hakungoja kuambiwa huyo mtu fulani ni nani. Alifunga godoro nyuma ya pikipiki, akateremka Bungoma na aproni yake mbele.

Na kuteremka huko ni kuteremka kweli. Ukipita Kamukuywa unaanza kufungua vifungo vya koti. Ukifika Webuye koti liko mapajani. Bungoma mjini, saa sita mchana, hata mbwa anatafuta ukuta.

Steji aliyoiendea ilikuwa karibu na soko, na mwenyekiti wake alikuwa Mukhisa, mtu wa kofia na maneno mengi. Mukhisa alimkubali kwa majaribio. Alimweleza wazi kwamba bila steji hatabeba mtu mjini humo, kila kona ina wenyewe, na kwamba hapo kwake kuna sheria isiyo na rufaa: abiria akichomwa na sailensa, lile bomba la moshi linalopita upande wa kulia, aliyembeba anafunga virago siku hiyo hiyo. Kisha akaiangalia aproni kwa muda.

"Toa hiyo nguo, mama," akasema. "Hapa ni Bungoma. Hakuna balidi hapa."

"Chairman, hiyo ndiyo jina langu," Namaemba akamjibu. "Na jina si viatu, ati nivue mlangoni."

Wanaume wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomfunga. Kabla wiki haijaisha alijua Mukhisa alisema kweli. Pikipiki hupozwa na upepo unaopita kwenye zile mbavu za chuma za injini, na yeye alikuwa ameuwekea upepo ukuta. Kitale hilo lilikuwa halionekani, kwa sababu ya baridi na barabara kuwa wazi alfajiri. Bungoma, msongamano ukikaza na pikipiki ikitambaa kati ya malori, joto lilimpanda kutoka vifundoni hadi mapajani kama maji ya kuoga yaliyosahauliwa motoni. Alijifunza kuacha nafasi mbele yake ili asipumuliwe na lori. Alijifunza kuzima injini foleni ikisimama badala ya kuingurumisha bure kama vijana. Alikagua oili kila asubuhi. Lakini aproni hakuitoa. Angeitoa vipi, na Mukhisa ameshasema? Afadhali achemke.

Sasa, mjini hapo kulikuwa na mama mmoja Mhindi, Savitri, mwenye duka la vitambaa. Goti lake la kushoto lilikuwa halikunjiki tena. Kwenye gari la mwanawe Deep mguu ulikataa kuingia, kwenye tuktuk pia. Alichoweza ni pikipiki, akikaa upande, mguu umenyoshwa hewani, na kwa sababu ya goti hilo aliweza kupanda kutoka kulia tu. Yaani juu ya sailensa kabisa, na sari yake inaning'inia. Steji nzima ilimkwepa. Huyu hana mafuta, yule ana mteja anamngoja. Savitri alikuwa amezaliwa papo hapo Bungoma, akijua Kibukusu kuliko baadhi yao, na alielewa kila walichonong'ona.

Jumatatu moja ya Agosti alifika tena, anakwenda kliniki Kanduyi kufanyiwa mazoezi ya goti. Mukhisa akageuka polepole. "Mama Kitale, mteja wako huyu." Waliobaki wakaanza kusoma simu zao kwa bidii ya kanisani.

Namaemba aliona mtego wote, kamba na fundo. Akikataa, si mtu wa kazi. Akikubali na mama wa watu achomeke, kesho hana steji, na mamake kitandani hana wa kumletea unga. Akaivuta pikipiki karibu na ngazi ya duka.

"Panda, mama," akasema. "Mimi nikibeba mtu, namfikisha mzima."

"Wengine husema hivyo wakiwa wamesimama," Savitri akamwambia, huku akijivuta juu.

Namaemba akampenda hapo hapo.

Walikwenda vizuri hadi nje kidogo ya mji, kisha barabara ikajaa. Ulikuwa mwaka wa jando la Wabukusu, na mbele ya magari kulikuwa na kijana anayezunguka kwa jamaa zake kuwaalika, anagonga njuga zake, na nyuma yake ukoo mzima unaimba na kurukaruka barabara yote. Msafara kama huo haupigiwi honi. Haupitwi pia. Dereva wa lori la sukari alizima injini akaegemea mlango, akatulia kama mtu aliye matangani. Pikipiki zilitambaa mguu kwa mguu, na jua liko utosini.

Injini ilianza kunuka. Ile harufu ya oili iliyoungua Namaemba aliijua, alikuwa ameidharau siku nyingi. Kisha ikaanza kugonga kwa ndani, ko ko ko, na nguvu zikapungua hata kwa kutambaa. Nyuma yake Namaemba alisikia mwili wa Savitri ukijikunja kulia. Akageuka. Pindo la sari lilikuwa limenyauka kwa joto, na yule mama alikuwa ameinua mguu usiokunjika juu ya sailensa, unatetemeka kwa uchovu. Alibakiza kitambo kidogo tu auangushe.

Namaemba akazima injini. Watu wa pembeni wakaja na ushauri, kama kawaida ya watu wa pembeni. Mmoja alikimbia na ndoo ya maji kutoka kibanda cha chai, anataka kuimwagia injini.

"Imwagie uone," Namaemba akamwambia. "Chungu cha moto ukikitia maji baridi kinafanya nini? Weka ndoo chini."

Akaitazama aproni. Turubai la Moi's Bridge, katani ya kushona mwenyewe, jina lake la Tuwan. Na Mukhisa atacheka, hilo lilikuwa wazi kama mchana. Halafu akautazama mguu wa Savitri unaotetemeka, akaona aibu kwamba alikuwa ameanza na Mukhisa.

Akachomoa kisu kidogo cha kukatia kamba, akakata fundo la juu, la kushoto, la kulia. Aproni ikaanguka na joto likampiga usoni kama pumzi ya tanuri. Upepo mdogo wa Agosti ukaingia kwenye mbavu za injini kwa mara ya kwanza tangu aproni ishonwe. Akaikunja aproni mara mbili, gunia likiwa nje, akaitumbukiza kwenye ndoo hadi gunia likashiba, akaifunga kwa kamba ubavuni mwa pikipiki, kati ya mguu wa mama na lile bomba, ikining'inia mbali na chuma.

"Teremsha mguu, mama."

Savitri akauteremsha kwa woga, kidogo kidogo. Ukalala juu ya gunia bichi. Akavuta pumzi ndefu, akasema kitu kwa Kihindi ambacho hakikuhitaji mkalimani.

Injini ilihitaji kupoa, lakini msafara ulikuwa unakwenda mwendo wa miguu, na miguu Namaemba alikuwa nayo. Hakungoja. Akashika usukani, akaanza kusukuma. Mwenye ndoo, kwa kuwa sasa alikuwa na la kufanya, akasukuma kwa nyuma. Basi wakaingia Kanduyi hivyo, nyuma ya njuga na nyimbo, Savitri amekaa juu kama bibi harusi aliyechelewa, sari yake ya kijani, mguu mmoja mbele. Mama mmoja wa msafara aligeuka akamwona, akamwuliza yeye ni wa ukoo gani. Savitri akamjibu kwa Kibukusu safi kwamba ni wa ukoo wa wenye magoti mabaya. Wale wanawake walicheka mpaka wimbo ukakatika, na kuanzia hapo wakampigia makofi hadi lango la kliniki.

Jioni Mukhisa alikuwa anangoja steji, na wenzake wanangoja pamoja naye. Savitri alirudi juu ya pikipiki iliyopoa, akateremka kwenye ngazi zake mwenyewe, akapandisha sari hadi kifundoni na kuwaonyesha ngozi, bila kuulizwa. Pindo limeharibika, akasema, na pindo ni lake, anauza vitambaa. Kisha akawaambia kwamba Jumatatu ijayo asiletewe mwingine.

Mukhisa alizunguka pikipiki. Mbele ilikuwa wazi, injini inaonekana. Akatabasamu kama aliyeshinda kesi.

"Si nilikwambia utoe aplon?"

"Sijaitoa, chairman," Namaemba akasema, akiikaza kamba ubavuni. "Nimeihamisha. Kama mimi."

Mukhisa akamwonyesha mahali pa kuegesha. Palikuwa pa mwisho kwenye mstari, kwenye jua. Lakini palikuwa pake.

Na hata leo, akipanda Kitale kuwasalimu wateja wa zamani, husimama pale Kiminini baridi inapoanza kuuma, anafungua kamba za ubavuni na kuirudisha aproni mbele. Tuwan wakimwona wanasema Jiko amekuja, na hawajui kabisa kwamba huko chini ile aproni hukaa ubavuni.