Snea Iliyomfikisha Mirumbe Mbita

Watengeneza biti, yaani midundo ya nyimbo, wenzake wa mji wa Rodi Kopany waliokota sauti za ngoma mtandaoni. Mirumbe alizitengeneza zake mwenyewe. Snea iliyomjengea jina, ule mlio mkali unaopasua katikati ya mdundo, aliipata kwa kurekodi shoka likipasua kuni, akaulaza mlio huo juu ya kofi la jerikeni tupu, akakata mwangwi, akaushusha hadi ukawa mzito. Kazi ya wiki tatu.

Ndipo siku moja akaisikia redioni kwa kinyozi, ndani ya wimbo asioujua. Akashtuka, nusura wembe umkate.

“Huyo ni Orpah wa Mbita,” kinyozi alisema. “Siku hizi anajitengenezea biti.”

Orpah! Mwaka uliopita alirekodi nyimbo studioni kwa Mirumbe miezi miwili, akiuliza kila kitu. Sasa kila kumbukumbu ilinuka wizi: ile flashi yake ya kubebea faili, iliyoning'inia shingoni, alivyopenda kubaki studio wenzake wakienda kula. Hata samaki aliomletea siku ya kuaga, Mirumbe aliwaona kama kitambaa cha kumfunika macho.

Kesho yake akaenda Mbita bila kupiga simu, asije akampa nafasi ya kufuta ushahidi.

“Kaka Mirumbe! Karibu,” Orpah alisema mlangoni.

“Snea yangu uliitoa wapi?”

Tabasamu likamtoka. Akafungua kompyuta, akaicheza ile snea bila wimbo. Mirumbe akavaa hedifoni, akailinganisha na yake iliyokuwa kwenye simu. Zilifanana kama ndugu, lakini ya Orpah ilikuwa na unyevu fulani mwishoni.

“Umeongeza kitu kuficha,” alisema.

Orpah alichukua beseni, shuka na kinasa sauti, akatangulia ziwani, Mirumbe akimfuata. Akalilowesha shuka, akalikunja, akalipiga juu ya jiwe. Paa! Akavunja tete kavu karibu na kinasa, kisha wakarudi, naye akazilaza sauti hizo mbili pamoja mbele ya macho ya Mirumbe. Ikatokea snea ileile ya redioni.

Mirumbe alisikiliza mara tano, akitafuta hila. Haikuwepo.

“Kulaza sauti juu ya sauti ulinifundisha wewe,” Orpah alisema. “Nilidhani ungefurahi. Kumbe ulikuwa unahesabu nilivyokuibia.”

“Nisamehe, dada. Nilikukosea.”

Orpah akamsukumia beseni.

“Hilo shuka bado linachuruzika. Kamua, uanike.”