Mitende ya Chumba cha Mwali

Juzi nilikuwa Sofu kwa mjukuu wangu. Ana mtende wa mapambo sebuleni, kando ya televisheni, na ncha za majani yake zimekauka kama zimepitiwa na moto. Alinilalamikia kwamba anaumwagilia kila siku na bado unakufa. Nikatia kidole kwenye udongo: tope tupu. Nikamwambia auache ukauke, afute majani kwa kitambaa chenye maji, ausogeze karibu na dirisha lakini jua lisiuchome. Akacheka. "Bibi, haya umejifunzia wapi?" Nikamwambia nilijifunza nilipokuwa mwali. Alidhani namtania.

Kwetu ni Kisarawe, chini kidogo ya boma, na ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilipovunja ungo nilikuwa bado nasoma, na mwalimu alikuwa ameanza kuniachia niwafundishe wadogo herufi. Bibi mzaa baba aliniingiza chumba cha nyuma siku ileile. Ndivyo ilivyokuwa kwetu Wazaramo: msichana hatoki, hachezi, hasemi kwa sauti, na wanaume hawamwoni, hata baba yake mzazi. Hakuna aliyeniambia nitakaa humo mpaka lini. Kulikuwa na kidirisha kimoja, upana wa kiganja. Asubuhi nilisikia wenzangu wakipita kwenda shule, kisha vishindo vya kinu, kisha lori likipanda mlima kutoka Pugu likigumia kama mgonjwa. Harufu ya kisamvu na tui ndiyo iliyonijulisha kwamba mchana umefika. Halafu jioni, halafu tena wenzangu wakipita.

Baba alikuwa mtunza bustani kwa Mzungu mmoja. Memsahibu, mke wa Mzungu huyo, alikuwa na mitende miwili barazani, ndani ya madebe yaliyopakwa rangi ya kijani, na aliipenda kama wanawe. Walipokwenda likizo Ulaya nyumba ilibaki inapakwa chokaa, kwa hiyo alimkabidhi baba mitende ile akamwambia akirudi aikute hai, la sivyo atafute kazi nyingine. Baba akaileta nyumbani. Uani kulikuwa na jua kali na mbuzi. Mahali penye kivuli na salama palikuwa chumbani kwangu tu.

Bibi aliiingiza akinung'unika. "Mnazi gani huu usiotoa hata kidaka?" Hata hivyo aliinywesha kila alipoikumbuka, kama wageni wa heshima, na majani yakaanza kugeuka manjano.

Alasiri moja nikasikia mtu anakohoa nyuma ya kiambaza.

"Mama, upo?"

Alikuwa baba. Sikujua kama naruhusiwa kujibu. "Nipo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Majani yana rangi gani leo?"

Nikamweleza. Akapenyeza msumari dirishani, akaniambia nitoboe madebe chini maji yapate pa kutokea, na nimzuie bibi asiinyweshe hovyo. Tangu hapo alikuja kila alipotoka kazini. Sikumwona; nilisikia tu sauti yake na kunusa tumbaku yake. Kabla ya hapo baba alikuwa mtu wa kunituma maji na kunikemea. Sasa alinifundisha kufuta vumbi jani kwa jani, kuyageuza madebe ili mti usiinamie upande mmoja wa mwanga, na kuupima udongo kwa kidole.

Mtende mmoja ulipozidi kunyauka, alileta udongo mweusi wa msituni, bibi akaniingizia kwa ungo.

"Laza debe ubavu," baba alisema. "Ligongegonge, kisha vuta polepole."

Mti ulichomoka na udongo wake wenye umbo lilelile la debe, mizizi imejizungusha mpaka imesongana.

"Iliyo myeusi na laini, kata. Myeupe usiiguse."

Nilikata, nikapanda upya kwa furaha ya kupata kazi. Labda ndiyo iliyonipa ujasiri. "Baba, mimi natoka lini?"

Nikasikia anahamisha miguu. "Hilo ni la bibi yako na shangazi zako."

"Na shule?"

"Majani ya chini yaliyokauka," akasema, "usiyavute kwa nguvu. Yakate kwa kisu."

Siku ya pili yake alikohoa, akaita, akasubiri. Sikumjibu. Akaondoka. Kesho yake akaja tena, na sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Mama, nimezungumza na bibi yako. Nimemwomba. Amekataa."

Nilikaa nikiitazama ile mitende. Mwishowe nikamwambia, "Kuna jani jipya linatoka katikati. Bado limejikunja."

"Alhamdulillahi," akasema. Siku hiyo hakuondoka upesi.

Yule Mzungu hakurudi. Alihamishwa, akaja mwingine asiyejali mimea, na hakuna aliyeiulizia mitende. Baba aliponieleza nilijua hatakuja tena dirishani, maana kazi imekwisha. Kesho yake nikasikia kikohozi chake. "Mama, majani yana rangi gani leo?"

Hatimaye walinitoa kwa ngoma kubwa, nimebebwa begani, jua likinichoma macho mpaka machozi yananitoka. Bibi aliipanga mitende mlangoni iwe pambo. Kwa shamrashamra zile hakuna aliyeitazama, na jua liliibabua majani mpaka yakawa meupe kama karatasi. Haikupona. Mimi niliolewa Mlandizi msimu uleule, na darasani sikurudi tena.

Nilipokwenda kumsalimu baba baada ya harusi, tulikaa barazani tukitazamana. Alikuwa na mvi nyingi kuliko nilivyokumbuka. Akaniuliza habari za mume wangu, huku akiangalia vidole vya miguu yake. Nikamjibu ni nzuri. Akaniuliza kama mvua imenyesha huko. Nikamwambia imenyesha. Mwisho nikaaga, naye akanisindikiza mpaka njiani bila kusema kitu. Ndivyo tulivyokuwa mpaka alipofariki. Kumbe siku zetu za kuzungumza zilikuwa zile ambazo hatukuruhusiwa kuonana.